Mchungaji na Bonde

Sahibu yangu alipofariki, mjane wake aliniletea salamu kwamba anataka Zaburi ya 23 kwa shairi, isomwe siku ya arubaini. Marehemu alikuwa Mkristo na mimi ni Mwislamu. Zaidi ya miaka 30 tulikaa baraza moja, yeye akinisahihisha Kiingereza, nami nikimsahihisha vina. Kazi ya tafsiri sikuisomea popote. Nilijifunza kwa kamusi na kwa kukosea. Hata hivyo ombi lile sikuweza kulikataa.

Taabu ya kwanza ilikuwa mchungaji mwenyewe. Neno tunalo, lakini sisi wa visiwani mifugo yetu twaijua kwa kamba. Ng'ombe hufungwa, na nyasi zikimalizika huhamishwa kigingi. Mchungaji wa nchi ya Daudi, ambaye Zaburi hii hunasibishwa naye, si huyo. Hutangulia mbele katika vilima vikavu, na kundi humfuata bila kamba. Yohana, katika sura ya 10 ya Injili yake, anaeleza jinsi mchungaji anavyowaita kondoo wake kwa majina, nao wakamfuata kwa kuwa wanaijua sauti yake. Mgeni wakimsikia humkimbia. Humo humo Isa anajiita mchungaji mwema, atoaye uhai wake kwa ajili ya kondoo, tofauti na kibarua ambaye akimwona mbwamwitu hulitupa kundi. Basi kinachowafunga kondoo hao kwa mwenyewe ni sauti.

Wakristo wa kale waliipenda mno sura hii. Katika mahandaki ya makaburi ya Roma, na katika chumba cha ubatizo kilichofukuliwa Dura-Europos, nchini Syria, ambacho ni cha karne ya 3, wachoraji walimchora mchungaji amebeba kondoo mabegani. Walikuwa watu wachache, mara nyingine wakiandamwa na dola, na picha waliyoichagua kwa ajili ya wafu wao na kwa waumini wao wapya ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo.

Nasi tunalo fungu letu humo. Neno la Kiebrania la mchungaji ni ndugu wa neno la Kiarabu, na kwa Kiarabu kundi linalochungwa ndilo asili ya neno letu raia. Hadithi ya Mtume nayo inatukumbusha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Kwa hiyo nilipoketi kuandika sikujiona mgeni. Nilitunga beti sita za mizani 16, vina vya kati na vya mwisho vikiwa vimetimia, nikampelekea shemeji yangu nikitarajia kusifiwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Zuri, shemeji. Lakini huku bondeni mbona Mungu unamsema tu? Msemeshe."

Sikumfahamu. Akanieleza taratibu. "Nilipokuwa nikimuuguza mwenzangu, mchana wageni walijaa, nami nilizungumza nao habari za Mungu. Usiku wakishaondoka nilizungumza na Mungu mwenyewe. Shairi lako lote ni la mchana."

Nilirudi nyumbani nikaifungua Zaburi upya, nikaona haya. Aya tatu za mwanzo zinamtaja Mungu kwa nafsi ya tatu, kana kwamba kondoo anamsimulia mwenzake habari za malisho, maji matulivu na njia iliyonyooka. Inapoingia aya ya 4, penye kivuli cha mauti, kauli inageuka. Kondoo anaacha kusimulia, anamwambia mchungaji mwenyewe: Wewe. Tena bonde lile halikuja kwa kupotea njia. Njia aliyoongozwa ndiyo iliyompitisha humo. Mchungaji hakumuahidi kondoo wake nchi isiyo na mabonde, ila katika bonde gongo na fimbo viko karibu, na mwenye kuvishika yu karibu kiasi cha kusemeshwa.

Mimi geuko hilo nililifuta kwa ubahili wa mizani. Kila mahali nilitumia "hu": hunilisha, hunilinda, huniongoza. Mtunzi yeyote anajua kuwa "hunilisha" ni mizani nne na "ananilisha" ni tano. Lakini "hu" haina nafsi. Yeye hulisha, wewe hulisha, ni mamoja. Kwa kuokoa mizani moja nilikuwa nimempoteza anayesemeshwa.

Nilizivunja beti zote. Mwanzoni nikaweka "ananilisha, ananilinda", na bondeni "unanilinda, unaniongoza". Kutoka "a" hadi "u" mizani haipungui wala haizidi, herufi moja tu inabadilika. Vina ndivyo vilivyonigharimu. Siku tisa nilihangaika navyo, na ubeti wa tatu ukabaki na kina kimoja kinachochechemea.

Siku ya arubaini nililisoma shairi mwenyewe, mbele ya jamaa na majirani wa dini zote mbili. Nilipofika bondeni nilimwona shemeji yangu amefumba macho, midomo inacheza. Hakuwa akiyafuata maneno yangu. Alikuwa na yake.

Kina kile sijakitengeneza mpaka leo.