Ukiacha Tupu, Inasomeka "Hapana"

Hapa Chalinze, mfupa ukitaka kuandikwa gazetini lazima uvunjikie barabarani. Ndipo njia inayotoka Dar es Salaam inapogawanyika: moja inaendelea Morogoro, nyingine inakata kulia kwenda Lugoba, Msata na mbele kabisa Segera. Mimi ni mwandishi wa habari na ni mtoto wa huku. Lori likiacha njia Mdaula, au basi likipinduka Ubena, simu yangu inaita hata kama jua halijachomoza. Nimeandika habari za namna hiyo mpaka vidole vinajua sentensi zenyewe: dereva alijaribu kulipita gari jingine, majeruhi wamekimbizwa hospitali, wengi wamevunjika miguu na mikono.

Bibi yangu mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa baba, naye alivunjika, lakini yeye alivunjikia uani, usiku, akienda chooni. Hakukuwa na gari wala dereva wa kulaumiwa. Alijikwaa akaanguka kutoka kwenye kimo chake mwenyewe, kimo cha mwanamke aliyesimama. Walipomwinua, mguu mmoja ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia nje. Mganga wa mifupa akaitwa, akafunga banzi, akakanda kwa mafuta. Baadaye familia ikachangishana nauli ya kumpeleka hospitali, huko wakaelezwa habari ya upasuaji na gharama za chuma cha kuwekewa, wakarudi naye nyumbani "kujipanga". Hatukujipanga. Vikaja vidonda vya mgongoni, kikaja kikohozi, na mwisho wa masika tukazika. Msibani watu walisema maneno mawili: uzee tu.

Nimeanza na hayo ili mjue nilikuwa na hali gani mwaka 2021, nilipokutana na maandishi mafupi ambayo hadi leo nayasoma kama msomaji mwingine anavyorudia shairi gumu. Si hadithi wala insha. Ni fomu ya maswali 12.

Fomu hiyo inaitwa FRAX. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, chini ya Profesa John Kanis, ikatolewa 2008. Unaijaza kwenye intaneti, nayo inakupa asilimia: uwezekano wa mtu huyu kuvunjika nyonga, au mfupa mwingine mkubwa, ndani ya miaka 10 ijayo. Inauliza umri, jinsia, uzito, urefu. Inauliza kama umewahi kuvunjika ukubwani, kama mzazi wako alivunjika nyonga, kama unavuta sigara, kama unatumia dawa za steroidi, kama una baridi yabisi, kama una ugonjwa mwingine unaodhoofisha mifupa, kama unakunywa pombe vipimo vitatu au zaidi kwa siku. La mwisho ni kipimo cha mashine cha mfupa wa nyonga, na hilo unaruhusiwa kuliruka. Uzuri wake ndio huo: bila mashine, kwa maswali peke yake, daktari anaweza kujua nani aanzishiwe dawa ya kuimarisha mifupa kabla hajaanguka.

Basi nikaenda nayo kwa bibi, simu mkononi. Baada ya kilichompata mdogo wake, baba zangu walikuwa wameshaanza kubishana: ahamishiwe Dar au abaki kwake? Nilitaka namba ya kuamua ubishi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Leo umekuja kuniandika?"

Tukaanza na umri, na hapohapo tukakwama. Kadi yake ya mpiga kura ina mwaka wake, kitambulisho cha taifa kina mwaka mwingine, tofauti miaka minne. Yeye mwenyewe anajua kwamba Uhuru ulimkuta ameshachezwa ngoma, na tulipohamishiwa vijijini alikuwa na watoto watano. Kwa mtu wa rika lake miaka minne si kitu kidogo. Umri ni moja ya mambo yanayoivuta asilimia kwa nguvu kuliko yote. Nikaandika wa kadi.

Sigara? "Sijawahi." Lakini ugoro anatumia, tangu namjua. Fomu haiulizi ugoro. Pombe? Akacheka, akaniuliza kama nimemletea.

Mzazi kuvunjika nyonga?

"Mama alianguka akitoka kisimani," akasema. "Akalala ndani. Hakuamka tena."

"Ilikuwa nyonga, bibi?"

"Nani alimtazama, mume wangu? Sisi tulijua ameanguka."

Nikabaki na kidole hewani. Ndiyo au hapana? Nikafungua maelezo ya fomu nione inasemaje kwa mtu asiyejua. Inasema wazi: kwenye maswali ya ndiyo na hapana, ukiacha tupu, inahesabiwa kuwa umejibu "hapana".

Wasomaji wa blogu hii tumezoea kuheshimu ukimya kwenye maandishi. Tunajua mhusika asiyesema ana jambo. Tunajua ukurasa mtupu una uzito wake. Hapa nilikutana na maandishi yanayofanya kinyume: ukimya wote yanausoma kama habari njema. Mama yake bibi, aliyelala ndani mpaka akafa, anageuka kuwa mama ambaye hakuvunjika. Na bibi, kwa sababu hakuna aliyemtazama mama yake, anaonekana yuko salama zaidi kuliko alivyo. Si kwamba watu wa Sheffield ni wabaya. Katika nchi yenye mafaili, mtu asiyejua kama mama yake alivunjika nyonga, mara nyingi ni kweli hakuvunjika. Kwetu "sijui" ina maana nyingine kabisa.

Kisha likaja swali ambalo halimo kwenye yale 12: nchi. Hesabu ya FRAX inafanywa nchi kwa nchi, maana uvunjikaji wa nyonga haulingani duniani. Sweden si China. Ili nchi iwemo, lazima iwe na takwimu za nyonga ngapi zinavunjika na watu wanakufa wakiwa na umri gani. Siku ile sisi hatukuwemo. Ushauri kwa asiyekuwemo ni kuazima nchi inayofanana na yako. Nikajaribu Marekani, na Marekani peke yake ina milango minne: Wazungu, Weusi, Wahispania, Waasia. Bibi yuleyule, uzito uleule, miaka ileile ya kadi. Kila nilipobadilisha mlango, asilimia ilibadilika. Kwa mlango wa Weusi wa Marekani ilishuka. Bibi yangu, aliyebeba kuni na ndoo kichwani zaidi ya miaka 60 na sasa anakula mlo mmoja na nusu, aliazimwa mifupa ya mwanamke wa Chicago.

Lakini jambo lililonikosesha usingizi nililijua baadaye, nilipofuatilia hesabu yenyewe inavyofanya kazi. FRAX haipimi kuvunjika peke yake. Inapima pia uwezekano wa kufa kabla hujapata nafasi ya kuvunjika. Kihesabu ni sahihi, aliyekufa mwaka wa tatu hawezi kuanguka mwaka wa saba. Lakini isome taratibu. Katika nchi ambayo watu wanakufa mapema, asilimia inashuka hata kama mifupa ni dhaifu, kwa kuwa muda ni mfupi. Namba ndogo inaweza kumaanisha mifupa yako ni imara. Inaweza pia kumaanisha hesabu haitegemei uwepo sana. Kwenye kioo cha simu zote mbili zinaonekana sawa.

Na sisi muda wetu unarefuka. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wanaofika huko na kuupita wanaongezeka kila mwaka. Chukua hata jambo moja tu: dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilianza kutolewa na mpango wa serikali 2004. Aliyeanza siku zile akiwa na miaka 40 sasa ana zaidi ya 60, yuko hai, analima, analea wajukuu. Tunashukuru. Lakini dawa ya tenofovir, ambayo wengi wameitumia miaka mingi, inajulikana kupunguza uzito wa mfupa. Fomu haina swali la virusi wala la dawa hiyo. Watu hawa wataingia uzeeni wakiwa wengi, na hakuna kisanduku chao.

Haki itendeke: wenye kazi hiyo hawajakaa kimya. Watu waliofuatiliwa kwa miaka ili FRAX iundwe walikuwa wa Ulaya, Amerika Kaskazini, Asia na Australia, na watafiti wenyewe wanajua pengo liko wapi. Kikokotoo kingine, Garvan cha Australia, kinauliza umeanguka mara ngapi mwaka uliopita, swali ambalo FRAX ya mwanzo haikuwa nalo. FRAX nayo baadaye ikaongezewa namna ya kurekebisha hesabu kwa wanaoanguka mara kwa mara. Zimbabwe, Gambia na Afrika Kusini kuna utafiti unaohesabu nyonga zilizovunjika, na pamoja na kuhesabu, watafiti wanakaa na wagonjwa na familia kusikiliza walipita wapi kabla ya kufika hospitali, na kwa nini wengine hawakufika. Hapo nilifurahi. Mtu amegundua kwamba nyonga isiyofika hospitali haihesabiki ukiwa umekaa hospitalini.

Na hapa kwetu tuna mfano kwamba fomu inaweza kuandikwa upya. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa ugonjwa wa kusahau uzeeni waliona vipimo vya Ulaya vinawaangusha wazee ambao tatizo lao ni kutokwenda shule tu. Kipimo kinakuambia soma, andika, chora. Bibi hajawahi kushika kalamu, anapewa alama za mgonjwa. Wakatengeneza kingine. Badala ya kuchora, mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Anaombwa ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Kinachopimwa ni kilekile, isipokuwa swali limeulizwa kwa mtu aliyeko mbele yako.

Nilipeleka wazo la makala hii kwa mhariri wangu wakati ule. Akaniuliza swali ambalo mhariri yeyote angeuliza: wangapi? Wazee wangapi wa Chalinze wanavunjika nyonga kwa mwaka? Nikasema hazijahesabiwa. Akasema basi bado haijawa habari. Simlaumu. Lakini angalia mzunguko ulivyo: bila namba hakuna habari, bila habari hakuna anayesukumwa kuhesabu, na bila hesabu nchi inabaki kuazima mifupa ya wengine.

Ubishi wa baba zangu uliisha bila asilimia. Bibi alikataa kuhama, akasema Dar hakuna mtu wa kumsalimia asubuhi. Tukajenga choo karibu na mlango wa nyuma, tukaweka sakafu isiyoteleza, mti wa kushika na taa ya sola. Ni kazi ya fundi mmoja kwa siku nne. Hakuna fomu iliyotuambia tufanye hivyo. Tulimkumbuka bibi mdogo.

Tangu hapo nina daftari. Nikienda misibani na kwenye matembezi yangu ya kazi, kuanzia Bwilingu hadi Lugoba, nauliza kama kuna mzee aliyeanguka akalala ndani. Siandiki majina. Nimepiga mistari, nikaweka safu: miaka kwa kukisia, mwaka ulioangukia nini, mguu ulifupika au la, alisimama tena au la. Watu wanajibu bila shida, kana kwamba walikuwa wanasubiri kuulizwa. Pale wasipojua naandika "hawajui", herufi zote, siachi tupu. Siyo utafiti, najua, na mtaalamu wa takwimu atanicheka. Kuna safu moja nilikuja kuiongeza mwishoni, baada ya wanawake wa Msata kuniambia nimeisahau: alikuwa anakwenda wapi. Kurasa mbili zimeshajaa. Karibu wote walikuwa wanakwenda chooni, usiku.