Barafu Juu ya Paa: Siku Nne Kisiwani Galveston

Galveston ni kisiwa chembamba cha jimbo la Texas, Marekani, kando ya Ghuba ya Mexico. Kutoka mji wa Houston ni mwendo wa kilomita 80 hivi, na mwishoni unavuka daraja refu ndipo ufike kisiwani. Mama aliyezaliwa Tanga au Mombasa akifika huko mwezi wa Julai hatashangaa. Mchana joto hufikia nyuzi 32 hivi, usiku halishuki sana, na hewa ya bahari imejaa unyevu kiasi kwamba nguo ulizoanika huchelewa kukauka. Tofauti ni kwamba wenyeji hawafungui madirisha kama sisi. Hufunga nyumba na kuwasha kiyoyozi mchana na usiku.

Ni mahali penye mambo ya kukumbukwa. Tarehe 8 Septemba 1900 kimbunga kilikipiga kisiwa hiki na kuua watu wasiopungua 6,000. Katika nyumba ya yatima ya St. Mary's walikufa masista 10 na watoto 90. Masista walijifunga kamba pamoja na watoto ili maji yasiwatenganishe. Baada ya maafa hayo ulijengwa ukuta mrefu wa kuzuia bahari, na leo familia hutembea juu yake nyakati za jioni. Ni Galveston pia ambako Jenerali Gordon Granger alitangaza, tarehe 19 Juni 1865, kwamba watumwa wa Texas wako huru. Tangu mwaka 2021 siku hiyo ni sikukuu ya taifa zima la Marekani.

Tulikwenda watu sita: mdogo wangu anayeishi Houston, mume wake, watoto wao wawili, mama yetu mwenye umri wa miaka 74, na mimi. Shemeji alikodi gari ambalo ndani yake ni nyumba kamili. Lina vitanda, jiko, friji na choo, na juu ya paa limewekwa kiyoyozi kama sanduku. Unaliegesha katika kambi ya magari ya aina hiyo, unachomeka umeme na bomba la maji, na maisha yanaendelea. Watoto walifurahi kupita kiasi.

Usiku wa kwanza

Jioni ubaridi ulikuwa mzuri. Kufika saa sita usiku upepo ulianza kupungua, na saa tisa haukutoka kabisa ingawa mashine ilikuwa ikinguruma. Mama akaniita: "Mwanangu, mbona hii mashine inaimba tu, haitupepei?" Alfajiri maji yakaanza kudondoka kutoka darini, juu ya kitanda cha watoto.

Shemeji alifungua kifuniko cha ndani akamulika kwa tochi. Mabomba yote yalikuwa yamefunikwa na barafu nyeupe, kama friji iliyosahauliwa bila kuyeyushwa. Akapiga simu kwa wenye gari. Waliomjibu walimwambia aongeze ubaridi hadi mwisho. Alifanya hivyo, na kufika saa kumi alasiri barafu ilikuwa imerudi nene zaidi. Kipimajoto ndani ya gari kilisoma nyuzi 35.

Hapo halikuwa tena suala la starehe. Mama yetu anatumia dawa za shinikizo la damu, na mojawapo ni kidonge cha kupunguza maji mwilini. Mzee wa namna hiyo hupoteza maji upesi, na kiu yake haimwambii mapema. Alianza kulalamika kichwa na kizunguzungu. Nilimtoa garini nikampeleka katika ofisi ya kambi iliyokuwa na ubaridi, nikamlegeza nguo, nikamweka vitambaa vya maji shingoni na kwapani, na kumpa maji kidogo kidogo. Baada ya nusu saa alikuwa ameanza kutania. Angechanganyikiwa maneno, au ngozi yake ingekuwa ya moto na yeye kulegea, nisingengoja hata dakika moja. Hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitali, huku ukiendelea kumpoza njiani.

Kwa nini baridi huzaa barafu

Jirani yetu kambini, mzee aliyestaafu na kuishi katika gari la namna hiyo miaka mingi, alikuja kutusaidia. Maelezo yake yalikuwa rahisi. Chukua chupa ya soda baridi uiweke mezani siku ya joto, itatoka jasho. Jasho hilo ni unyevu wa hewa. Mabomba ya kiyoyozi nayo hutoka jasho vivyo hivyo, na maji hayo hupaswa kutiririka hadi nje. Feni ikipitisha hewa ya kutosha ya chumbani, joto la hewa hiyo huyazuia mabomba yasigande. Hewa ikizuiwa, mabomba huzidi kupoa, jasho hugeuka barafu, na barafu nayo huziba njia ya hewa iliyobaki. Kwa hiyo kuongeza ubaridi ni sawa na kumwekea kuni mtu anayetaka moto upungue.

Kwanza alituzuia kuchokoa barafu kwa kisu. Akina mama wengi tunaijua hiyo kutoka kwenye friji zetu: kisu kikitoboa bomba, gesi hutoka na mashine imekwisha. Tulizima upande wa ubaridi tukaacha feni peke yake kwa kasi ya juu, na kwa saa moja na zaidi maji yakatiririka. Kisha tulizima umeme kabisa, ndipo tukakagua.

Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa vumbi na manyoya ya mbwa. Tulikiosha kwa maji na sabuni, tukakikausha. Matundu mawili ya hewa, yaliyofungwa ili chumba kimoja kipate ubaridi zaidi, tuliyafungua. Kubwa kuliko yote lilikuwa ufa darini, kati ya upande unaotoa hewa baridi na upande unaovuta hewa ya chumbani. Mashine ilikuwa ikivuta tena baridi yake yenyewe badala ya hewa ya joto. Mzee aliuziba kwa tepu ya alumini. Mwisho alitazama kihisio kidogo ambacho huzima kompresa barafu inapoanza. Kilikuwa kimechomoka, akakirudisha kati ya mapezi ya mabomba.

Tangu hapo tuliweka ubaridi wa nyuzi 24 na feni kasi ya juu. Madirisha yalifungwa mchana, na chakula tulipikia nje, kwa maana mvuke wa sufuria huongeza unyevu. Usiku wa tatu na wa nne mama alilala hadi asubuhi. Siku ya mwisho tulipanda kivuko cha kwenda Port Bolivar, ambacho hakitozi nauli, na watoto wakahesabu ndege wa baharini njia nzima.

Nawe uliye nyumbani

Kiyoyozi cha ukutani, kile ambacho familia nyingi za Dar es Salaam na Mombasa wanacho, huganda kwa sababu hizo hizo. Ukiona upepo umepungua, maji yanadondoka ndani, au kuna ukungu mweupe kwenye mabomba, kizime, acha feni iyeyushe, kisha osha kichujio. Wakati wa joto kali kisafishe kila baada ya wiki mbili. Kikiendelea kuganda ingawa hewa inapita vizuri, huenda gesi imepungua. Hapo mwite fundi.

Na ukikodi gari kwa safari ya familia, omba uwashiwe kiyoyozi kwa saa nzima kabla hujalipa. Fungua kichujio ukitazame kwa macho yako. Kisha ulizia mahali pa karibu penye ubaridi pa kumpeleka mzee au mtoto mchanga mashine ikikataa, maana mashine inaweza kungoja fundi mpaka kesho, lakini mwili wa mzee haungoji.