Pikapu Imemaliza Kazi Yake Kigamboni

Kigamboni tunayoishi leo imejengwa na pikapu. Kabla ya Aprili 2016, Daraja la Nyerere lilipofunguliwa pale Kurasini, mwenye kiwanja Kibada, Mjimwema au Gezaulole alikuwa na njia mbili tu: apange foleni ya pantoni Magogoni, au azunguke Mbagala hadi Kongowe ndipo aanze kurudi kuelekea baharini. Nondo, mabati na mbao za kenchi vilinunuliwa ng'ambo ya mjini, na kukodi gari la kuvusha mzigo kulimaanisha kulipia pia saa ambazo gari hilo lingekaa kwenye foleni. Waliopata viwanja katika ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kama walionunua mashamba kwa wenyeji kabla yao, wengi walikuwa watu wa mshahara. Walijenga kwa awamu: mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, lenta ikingoja mkopo mwingine. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji gari la kupendeza. Alihitaji gari la kumfikisha kazini Jumatatu na kubeba saruji Jumamosi, na gari hilo lilikuwa Hilux ya dizeli, ya injini ya 3L au 5L, isiyo na tabo wala umeme mwingi, ambayo fundi wa chini ya mwembe aliimudu kwa spana chache.

Nakumbuka jinsi pikapu za wakati ule zilivyojulikana kwa sura zao. Bodi limebonyea katikati kwa uzito wa kokoto, mlango wa nyuma unafungwa kwa mnyororo na kipande cha waya, springi za nyuma zimeongezwa jani moja au mawili ili ziweze kubeba, na kwa hiyo gari likitembea tupu linarukaruka kama mbuzi. Chini ndiko kulikokuwa na ugonjwa wenyewe. Mlango wa pantoni hushuka kwenye maji ya chumvi, na gari linalovuka mara mbili kwa siku kwa miaka kumi huliwa kutoka kwenye chesisi kuja juu. Rangi ya mlango inaweza kung'aa huku sehemu inayoshika springi imebaki karatasi. Kisha kukaja mwaka 2008, Serikali ikatangaza mpango wa mji mpya wa Kigamboni na kuzuia ujenzi katika eneo kubwa. Waliokuwa katikati ya ujenzi walikaa na maboma yao miaka kadhaa, hawajui kama watalipwa fidia au wataruhusiwa kumalizia, na pikapu zikaendelea kuzeeka pamoja na wenyewe. Ndiyo maana kizazi cha wajenzi wale kinastaafu sasa hivi, na magari yao yanastaafu nacho.

Swali linalosumbua nyumba nyingi huku kwetu ni hili: pikapu ikishachoka na mwenyewe ameshachukua mafao, atafute pikapu nyingine, aikarabati ile ile, au anunue gari la juu la kutembelea, RAV4, X-Trail, Forester au Vanguard? Msimamo wangu ni kwamba aliyekwisha kuhamia kwenye nyumba yake anunue gari la kutembelea, na sababu yangu haihusu starehe. Kazi zilizofanya pikapu iwe lazima zimepata wafanyaji wengine, ila kazi ya kubeba watu imeongezeka, na hiyo pikapu haiiwezi. Saruji sasa inatengenezwa hapa hapa: kiwanda cha Lake Cement, wanaotoa Nyati, kiko Kimbiji. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamejipanga kando ya lami hadi Kibada na mbele yake, na muuzaji ndiye anayekutafutia kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikufikishie mzigo mlangoni. Visima virefu vya Kimbiji na mabomba ya DAWASA vimepunguza, ingawa havijamaliza, zile safari za kubeba madumu. Mzigo mdogo unabebwa na bajaji ya mizigo au bodaboda. Kwa familia iliyokwisha kumaliza kujenga, siku za mwaka ambazo bodi la pikapu lina kazi ya kweli ni chache mno kulinganisha na siku ambazo halina.

Sasa tazama upande wa watu. Miaka sitini ndiyo umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wa umma, na ndio umri ambao presha, sukari na magoti huanza kupanga ratiba ya mtu. Kuna hospitali Vijibweni, na huduma za wilaya zimekua tangu Kigamboni ilipotengwa na Temeke, lakini kliniki za kibingwa bado ziko Muhimbili na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Safari hiyo inahitaji mgonjwa, msindikizaji na mara nyingi mtoto wa kupanga foleni na kufuatilia karatasi. Pikapu ya kabini moja inaketisha watatu waliobanana, wa katikati akiwa na gia kati ya magoti. Mama mwenye nyonga mbovu anapandishwa kwa kusukumwa. Wajukuu wakija likizo wanawekwa kwenye bodi, jambo ambalo trafiki hawalipendi na ambalo mzazi yeyote mwenye akili hapaswi kulikubali hata kama trafiki hayupo. Zamani tulilikubali kwa sababu mji mzima ulisafiri hivyo. Katika miaka ya shida ya usafiri, magari yaliyoitwa chai maharage yalibeba wafanyakazi kwenye mabenchi yaliyo wazi. Kwamba tulinusurika si hoja ya kuwapitisha wajukuu kwenye hatari ile ile.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni zito kwa sababu ni la fedha. Watu wanasema mstaafu wa leo hapati mkupuo wa zamani, na ni kweli. Wanachama wa mifuko ya pensheni ya PSPF na LAPF walikuwa wakipokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Kikokotoo cha mafao cha Julai 2022 kiliwashusha hadi asilimia 33, na mwaka 2024 Serikali ikapandisha hadi asilimia 40 kwa kundi hilo na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Pengo limepungua, halijazibwa. Wapinzani huongeza, na hapo pia wako sahihi, kwamba tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, pikapu iliyoegeshwa uani hailipi barabara hata senti. Basi kwa nini usiiache ikae, ukaitumia siku moja moja? Jibu ni kwamba gari lililoegeshwa kando ya bahari halikai bure. Upepo wa chumvi haujui kuwa mwenyewe amestaafu. Betri inakufa, matairi yanapasuka ubavuni, pampu ya dizeli inavuja, na siku ya dharura ndiyo siku inayogoma. Ikitoka barabarani inadai bima ileile ndogo na stika ileile. Mtu anayemlipa fundi wa kuchomelea chesisi kila baada ya masika, na hapo hapo anakodi gari la kumpeleka mkewe kliniki, anaendesha magari mawili bila kuwa na hata moja la kutegemea.

Na wale wanaosema badilisha pikapu kwa pikapu wanasahau kilichotokea Japani. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini humo mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017, tena ikiitoa Thailand. Kwa hiyo ile miaka ambayo ingepaswa kutuletea pikapu za mtumba za umri wa kati haina pikapu za Japani za jina hilo. Zilizopo sokoni ni kuukuu kabisa, au zimetoka nchi nyingine kwa bei ambayo mstaafu wa kawaida haifikii. Magari ya kutembelea yako kinyume chake. Wajapani hukagua magari yao kwa gharama kubwa, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili, hivyo huyauza mapema na yanatufikia kwa wingi, spea zake zikifuata hadi Kariakoo. Pikapu iliyochoka nayo, kwa sababu hiyo hiyo ya uhaba, bado ina bei. Huu ndio mlango wa kupunguza maumivu ya kikokotoo: pikapu ichangie kununua gari linaloirithi, mkupuo uguswe kidogo iwezekanavyo.

Pingamizi jingine husema pikapu ni mradi. Ikodishwe, ilete hesabu, iongezee pensheni. Hoja hii ilikuwa na nguvu kabla ya kirikuu. Gari lile lina injini ya sentimita za ujazo 660, linakunywa kidogo, linaingia kwenye vichochoro vya Tungi na Mjimwema, na anayelikodi hataki kulipia injini ya lita 3 kubeba kitanda na kabati. Pikapu hubaki na mizigo mizito ya mbali, yaani ile inayolimaliza gari. Mwenyewe akiendesha, anarudi kwenye kazi ya kupakia na kupakua akiwa na miaka 60. Akimpa dereva, anasubiri hesabu ambayo wiki ya matengenezo inaimeza yote. Sijaona kwa nini mtu aliyemaliza utumishi wake salama ajitafutie ajira ya namna hiyo.

Kuhusu barabara nakubali zaidi. Nje ya lami, kuelekea Kimbiji, Pembamnazi na Kisarawe II, masika bado ni masika, na mchanga wa kiangazi hunasa gari la chini bila huruma. Ndiyo sababu nasema gari la juu, si sedani. Hata hivyo si kila gari la juu linafaa. Zile RAV4 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zenye injini ya D4 zinahitaji mafuta safi na fundi anayeijua, na mafundi wengi watakuambia uziache. Ile ya 1.8 ya kizazi hicho hicho haina taabu hiyo. Vanguard, iliyouzwa Japani kati ya 2007 na 2013, ina nafasi nzuri lakini injini yake ya kawaida ni 2.4, na mstaafu aliyeona petroli ikivuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka 2022 anajua maana ya hilo. Anayeagiza mwenyewe ahesabu pia kodi: gari la kutembelea lenye zaidi ya miaka 10 tangu litengenezwe huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na lenye miaka 8 hadi 10 asilimia 15. Mara nyingi gari la mkononi, lililokwisha kulipiwa yote hayo na linaloonekana kwa macho, humfaa zaidi kuliko picha ya kwenye mtandao.

Limebaki pingamizi la majirani, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Pikapu ya mzee ilikuwa gari la mtaa. Msiba ukitokea ndiyo iliyobeba viti, maturubai, sufuria, pengine jeneza lenyewe. Ikiondoka, mtaa unapoteza kitu, na haifai mtu ajifanye hakuna kilichopotea. Lakini jukumu hilo lilimwangukia mwenye pikapu kwa sababu hakukuwa na mwingine, na leo kamati za misiba zinaweza kukodi virikuu viwili kwa mchango wa watu kumi. Mwenye gari la juu atawapeleka wazee makaburini wakiwa wameketi, na usiku wa manane atamfikisha mjamzito hospitali akiwa amelala kiti cha nyuma. Huo nao ni ujirani.

Kama boma lako la Pembamnazi bado halijafikia lenta, usisikilize ushauri huu. Baki na pikapu hadi uezeke. Kama umeshahamia, iuze ikiwa bado inatembea, kabla masika hayajaanza, kwa kijana anayejenga sasa. Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya mwanasheria, na hakikisheni kadi inabadilishwa jina TRA siku hiyo hiyo, maana faini za barabarani humfuata aliye kwenye kadi, hata akiwa ameketi nyumbani kwake Kibada.