Nilimwuliza Habari za Dar es Salaam, Akanijibu Habari za Isongole



Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo, mkazi wa Mbeya, na ni Mmoravian wa kuzaliwa. Wazee wetu waliipokea Injili kwa wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891, nami nimekua nikisikia kauli ya kanisa letu kwamba Mwanakondoo ameshinda, nasi tumfuate. Kuokoka nimeokoka tangu usichana wangu. Ushuhuda ninaoutoa leo si wa siku ile. Ni wa namna Bwana alivyonifundisha kumfuata katika kazi ya mikono yangu, mahali ambapo kwa miaka nilimwomba baraka bila kumwuliza anataka nini.

Asiyeijua biashara hii naomba anifuate kidogo. Viazi vyetu hulimwa kwenye miinuko ya Uporoto, Isongole na vijiji vya jirani, kwenye baridi na ukungu. Mnunuzi humfuata mkulima shambani, wakapatana bei ya gunia, siyo bei ya kilo. Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Gunia likijaa halifungwi mdomo. Huongezewa kilemba cha wavu wa kamba au kipande cha gunia jingine, na vijana wenye ujuzi hupanga viazi juu yake mpaka gunia la kilo 100 linakuwa la kilo 120, 130, hata zaidi. Bei haibadiliki. Sheria ya Vipimo inakataza na Wakala wa Vipimo wanakamata, lakini desturi ina nguvu, kwa kuwa mkulima akikataa, gari litakwenda kwa jirani yake. Nami nilinunua kama walivyonunua wote, na faida yake niliitolea fungu la kumi.

Biashara ilipokua, nikatamani kuhamia Dar es Salaam nipate kizimba changu sokoni, niache kumtegemea dalali aliyeniuzia mzigo huko. Lilikuwa jambo kubwa. Ningelazimika kukopa na kuwahamisha watoto shule. Kwa hiyo nilifunga, nikakesha, nikamsihi Mungu anionyeshe njia. Wamoravian tuna kitabu cha neno la kila siku kilichoanza kuchapishwa mwaka 1731, na mpaka leo neno lake la Agano la Kale huchaguliwa kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani. Kila alfajiri nilikifungua nikitafuta mstari utakaotaja safari, mji au bahari. Neno la siku likihusu subira, nalipita. Likihusu jirani, nalipita. Nilitaka kusikia jambo moja tu.

Wakati huo, katika ibada ya nyumbani, tulikuwa tukisoma Kumbukumbu la Torati sura baada ya sura. Zamu yangu iliangukia sura ya 25, pale Waisraeli wanapokatazwa kuwa na mawe mawili ya kupimia mfukoni, moja kubwa na moja dogo. Nilimaliza kusoma, tukaomba, watoto wakaenda kulala. Mimi sikulala. Niliyaona yale magunia mbele yangu moja moja. Nilijaribu kujitetea kwamba hiyo ni Torati na sisi tuko chini ya neema, kwamba bei tunapatana na mkulima anakubali mwenyewe, na tena kwamba hilo silo nililouliza. Kila utetezi nilioutoa, neno lilibaki palepale.

Nikaenda kwa shangazi yangu, mzee wa kanisa, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nilimweleza yote, ya Dar es Salaam na ya lile somo. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, umemwuliza Mungu habari za Dar es Salaam, amekujibu habari za Isongole. Msikilize hukohuko alikosemea. Ya Dar es Salaam anayajua."

Maneno hayo ndiyo yaliyonigeuza. Nilikuwa nimedhani uongozi wa Mungu ni habari za kesho: niende au nisiende, nikope au nisikope. Kumbe alikuwa ananiongoza katika jambo la leo, lililo wazi, na mimi nalipita nikitafuta lililofichika.

Nilinunua mizani. Nikaenda kwa mkulima wa kwanza nikamwambia kuanzia sasa nitanunua kwa kilo. Hakuniamini, na alikuwa na haki, kwa sababu mizani nayo huchezewa. Akaingia ndani akaleta mfuko wa mbolea wa kilo 50 ambao haujafunguliwa, akaupandisha. Mshale uliposimama kwenye 50, ndipo akaniambia, "Haya mama, tupime." Siku ile nilimlipa hata vile viazi vya juu ambavyo zamani nilikuwa navichukua bure.

Kutii kulikuwa na gharama, nami sitaificha. Magunia yangu yalipofika mjini bila kilemba, dalali alinipigia simu kwa ukali. Wauzaji wa rejareja wanapenda lumbesa kwa sababu wanapopima kwa ndoo ndogo hupata ndoo za ziada. Mzigo wangu ulikaa. Joto la Dar es Salaam halina huruma na viazi vya baridi. Vingine vilioza, vilivyobaki viliuzwa kwa hasara. Nilirudi kwenye maombi nikilia: Bwana, si wewe uliyesema? Mbona nimetii na nimeumia?

Jibu nililipata katika Matendo ya Mitume sura ya 16, sura niliyoisoma tangu Shule ya Jumapili. Paulo anazuiwa na Roho kuhubiri Asia. Anajaribu kuingia Bithinia, hapati ruhusa. Usiku anaona maono ya mtu wa Makedonia akimwita, naye anavuka bahari mara moja. Ametii kabisa. Na katika mji wa Filipi, hukohuko alikoitwa, anapigwa fimbo na kutiwa gerezani, miguu kwenye mkatale. Mkatale haukuwa ushahidi kwamba alisikia vibaya. Askari wa gereza lile aliokoka na nyumba yake yote. Tangu siku ile niliacha kuipima sauti ya Mungu kwa faida ninayopata juma linalofuata.

Nikaendelea. Nilipunguza mzigo na kutafuta wateja wanaonunua kwa kilo. Nikaanza na wapishi wa chipsi hapa Mbeya, kisha shule ya bweni ambayo mhasibu wake alitaka risiti inayolingana na mizani. Biashara yangu leo ni ndogo kuliko ilivyokuwa. Kizimba cha Dar es Salaam sina mpaka sasa, na sijaambiwa nikitafute. Lakini watoto wanakula na ada inalipwa.

Lilibaki jambo la waliotangulia kunyonywa. Habari za Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne, hazikuniacha. Sikuwa na uwezo wa kurudisha mara nne, na wengine sikuwapata tena. Kwa wale niliowapata nilipeleka mbegu msimu wa kupanda, nikawaambia kwa nini nimeileta. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, sikuwa nikipoteza viazi tu. Kila gari lilipoondoka nilijiona mjinga mbele ya wanangu. Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Nilipomsikia nilielewa kwamba Mungu aliponizungumzia habari za gunia, alikuwa amesikia kilio cha mwenye gunia. Tunapoomba uongozi huwa tunajifikiria sisi. Yeye anawafikiria na wale ambao utii wetu utawagusa.

Maombi yangu yamebadilika. Sitafuti tena mstari wenye jina la mji. Nafungua neno la siku nikiuliza: Bwana, leo unataka nifanye nini na watu nitakaokutana nao? Nikisikia msukumo moyoni, naulinganisha na Maandiko kwanza, maana si kila wazo linalonijia ni la Mungu, na Roho wake hapingani na Neno lake. Nikiwa na shaka, nawaendea wazee wanaonijua na wasioogopa kuniambia hapana. Na nikishajua, natii hata kama bado naogopa. Filipo aliambiwa ashike njia ya jangwani iendayo Gaza. Habari za Mwethiopia aliyekuwa akisoma Isaya garini hakuambiwa kabla. Alizikuta njiani kwa sababu alikwenda.

Ndugu yangu unayeomba leo kuhusu kazi, ndoa, kiwanja au safari, endelea kuomba, maana Mungu huyajali hayo yote. Lakini jiulize pia kama kuna neno ambalo ameshakuambia na hujalifanya. Huenda ni deni unalolijua, ndugu uliyeacha kumsalimu, mshahara wa dada wa kazi unaocheleweshwa, au kipimo cha dukani kwako. Lifanye hilo kwanza, wiki hii, hata kama litakugharimu. Mimi nimemwona Bwana ni mwaminifu kwa anayemtii, na kwa neema yake sitaki kurudi nilikotoka.