Shabu ya Kinyozi

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa mtaani. Wembe ukaniparua kidogo shavuni, damu ikachuruzika. Jamaa wala hakushtuka. Akavuta droo, akatoa kijiwe kinachong'aa kama barafu, akakilowesha, akanipaka. Kinachoma kidogo halafu ngozi inakaza. Wenye ndevu mnakijua: shabu. Nikacheka peke yangu pale kitini, naye akadhani ninamcheka yeye. Asingeweza kujua kwamba kijiwe kile kimeniweka kwenye deni tangu mwaka 2016.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tano, shule ya bweni, mchepuo wa PCB. Maabara yetu ilikuwa na mizani moja inayoaminika, na kemikali zilipimwa kama dhahabu. Tukapangwa wanne wanne kutengeneza fuwele za chumvi mbili zilizoungana. Unachukua potasiamu salfeti na alumini salfeti, unaziyeyusha pamoja kwenye maji ya moto, unaacha yapoe polepole. Zinapojitokeza tena hazitoki kila moja kivyake. Zinatoka zimekumbatiana ndani ya fuwele moja, pamoja na maji yake humo humo: kila potasiamu moja na alumini moja, molekuli 12 za maji. Ukiirudisha fuwele majini, kila mmoja anashika njia yake kana kwamba hawajawahi kujuana.

Somo lote lilikuwa kwa Kiingereza, kama ilivyo sekondari mpaka leo. Tulilikariri jina lake refu bila kujua ni kitu gani.

Mwenzangu wa meza ndiye aliyekuwa na mikono mizuri. Alipima gramu 4.4 za chumvi ya kwanza na 16.7 za ya pili, akatia maji mililita 50, akapasha, akachuja, akafunika bika kwa karatasi. Ijumaa asubuhi tukakuta fuwele. Jamani, zilikuwa nzuri! Angavu, pande nane, kama piramidi mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako. Akazichuja akaniachia kazi moja tu, nizikaushe kwa kuzibana katikati ya karatasi za kuchujia. Maji yaliyobaki akayaacha pale pale kwenye bika.

Mimi nilikuwa na haraka ya kwenda kutazama mpira. Nikaziweka kwenye kibakuli juu ya moto. Kumbe fuwele hizi zikipata joto la kama nyuzi 92 zinayeyuka kwenye maji yake zenyewe, kisha maji yanakimbia na kinachobaki kinavimba. Niliporudi kutoka dirishani nilikuta kitu cheupe kimefura kama andazi lililozidi hamira. Nikakitupa. Sikumwambia mtu.

Jumamosi nikapata ruhusa ya kwenda mjini. Kwa kinyozi, mteja aliyenitangulia alikatwa kidogo, kikatolewa kijiwe. Hapo kitu kikanigonga kichwani: kitabu chetu kiliandika kwamba ile chumvi hutumika kuzuia damu mtu akijikata wakati wa kunyoa! Nikauliza jina, nikaambiwa shabu. Shabu! Ile ile ambayo bibi yangu alikuwa akiikoroga kwenye ndoo ya maji ya mto mpaka tope likashuka chini, kabla hajayachemsha. Alumini ndiyo inayokusanya chembechembe za udongo, mpaka zinakuwa nzito na kuzama. Sikumbuki siku nyingine niliyoielewa kemia kwa furaha kama ile.

Na siku hiyo hiyo nikapita sokoni, nikanunua shabu.

Nilikwisha piga hesabu. Kwa vipimo vyetu, kama kila kitu kingegeuka fuwele, tungepata gramu 23.7. Nikavunja jiwe langu kwa mchi, nikaongeza na kupunguza mpaka mizani ikasoma 23.4. Nilijiona mjanja sana kwa kuacha ile sehemu ndogo.

Jumatatu mwalimu akapima, akaandika, akanyamaza. Kisha akalichukua bika letu. Akadondosha matone machache ya yale maji kwenye kioo, akapitisha juu ya moto kidogo, akaacha. Kioo kikajaa vifuwele. Akaacha Kiingereza chake cha darasani, akauliza kwa Kiswahili, "Na hizi zimetoka wapi?"

Maji ya kawaida, kwenye nyuzi 20, yanashikilia kadiri ya gramu 14 za fuwele hizi katika kila mililita 100. Maana yake bika letu lilipaswa kubaki na gramu saba au zaidi. Kundi lililofanya kazi ya kweli lingepata 16, na si ajabu 14. Sisi tulikuwa na karibu zote mkononi, na nyingine majini.

"Nani alipima?"

Mwenzangu akasimama. "Mimi, mwalimu." Na kwa kweli kemikali alipima yeye. Hakuelewa anaulizwa nini. Alipoelewa, alinigeukia mara moja tu, akaendelea kusimama. Alama zake zikafutwa, akaosha vyombo vya maabara mwezi mzima. Sisi watatu tulirudia zoezi. Nilikuwa na mdomo, na sikuufungua.

Siku hizi mhariri wangu akiniuliza, "Takwimu hii umeitoa wapi?", tumbo linanikata hata kama nimeitoa mahali halali. Na namba iliyonyooka kupita kiasi, hasa ya kwenye taarifa za mikutano na waandishi, huwa naitafutia bika lake.

Basi juzi nilimwomba kinyozi aniuzie kipande. Nimekiyeyusha kwenye maji ya moto, nimening'iniza uzi, nimeweka gilasi dirishani kulipo kivuli. Leo ni siku ya tano. Fuwele imefika ukubwa wa punje ya hindi na kingo zake zimenyooka. Jana usiku nilimtumia mwenzangu ujumbe, nikamweleza yote kuanzia kibakuli na ule mpira. Alama mbili za buluu zimetokea. Bado hajajibu.