Magie, Magee na jina la mama mmoja

Wadau, nimekuwa kimya wiki nzima, mniwie radhi. Sababu ni jina nililolikosea gazetini. Nitalifikia, ila niruhusuni nianzie mbali kidogo, kwenye kadi za besiboli za Marekani.

Besiboli yenyewe siijui, sijawahi kutazama mechi hata moja mpaka mwisho. Ninachopenda ni makosa ya wachapaji wao. Kati ya 1909 na 1911, kampuni ya American Tobacco ilikuwa inatia kwenye pakiti za sigara kadi ndogo zenye picha za wachezaji. Wakusanyaji wanaiita seti hiyo T206. Mchezaji mmoja wa Philadelphia aliitwa Sherry Magee. Mchapaji akaandika "Magie". Kosa likaonekana, likarekebishwa, zikatoka nyingine zenye "Magee". Tofauti ni herufi moja tu, lakini leo yenye kosa ndiyo inayosakwa kwa fedha nyingi, kwa kuwa zilitoka chache. Magee mwenyewe alifariki 1929. Bei hiyo haikumsaidia kitu.

Kwenye seti hiyohiyo yumo Joe Doyle wa New York. Mjini humo kulikuwa na timu mbili za ligi mbili tofauti, na ile nyingine ilikuwa na Doyle wake, Larry. Mchapaji akawachanganya, akampa Joe ligi ya mwenzake. Baadaye neno la ligi likaondolewa. Zenye kosa zinazojulikana leo ni za kuhesabu.

Topps nao, waliouza kadi zao pamoja na bigijii, wana mengi. Mwaka 1952 maelezo ya Joe Page yalichapwa nyuma ya kadi ya Johnny Sain, na ya Sain nyuma ya Page, kisha yakarudishwa kwa wenyewe. Mwaka 1957 filamu ya picha ya Hank Aaron iligeuzwa, akaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto na namba 44 imesomeka kinyume. Hiyo haikurekebishwa kabisa.

Ila sisi waandishi tutajiona zaidi kwenye seti ya 1974. Ilisemekana timu ya San Diego Padres inahamia Washington. Topps hawakusubiri, wakachapa baadhi ya kadi za timu hiyo zikiwa na jina la Washington. Ray Kroc, yule wa McDonald's, akainunua timu na ikabaki San Diego. Kadi zikachapwa upya, lakini zile za kwanza zilikuwa zimeshatoka. Kuwahi habari ni ugonjwa wa zamani, jamani.

Sasa turudi kwangu. Niliandika habari ya akina mama wakaanga samaki katika soko moja hapa mjini. Mmoja aliniambia waziwazi kuhusu ushuru wanaotozwa bila risiti. Nilizungumza na watu wengi siku ile, na daftari langu mnalijua. Nikayaweka maneno yake kwenye jina la mwenzake wa meza ya pili. Kosa la Doyle lilelile.

Asubuhi simu ikaita. Watoza ushuru walikwenda sokoni na gazeti mkononi, wakamuuliza yule wa meza ya pili kwa nini anawachafua. Naye hakusema hata neno moja!

Mhariri wangu alifungua tovuti ya gazeti, akabadilisha jina, hata dakika mbili hazikufika. "Kwisha, mdogo wangu. Nani atajua?" Sikuwafichi, nilishusha pumzi. Kisha nikakumbuka Magie na Magee. Kwenye kadi, kosa na sahihi vyote vipo, ukiziweka pamoja unaona kilichotokea. Kwenye tovuti yetu pakawa kama hapakutokea kitu. Na gazeti la karatasi lilikuwa bado sokoni.

Jumamosi nilikwenda. Nikaamkia, "Shikamoo mama." Aliitikia marahaba, akaendelea kugeuza samaki. Baadaye akasema, "Mwanangu, mimi umeninyima jina, mwenzangu umempa kesi."

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, nikamwendea na jirani yake nikamwomba pia. Yeye ndiye aliyelitoa lile gazeti, limekunjwa na lina mafuta. Nikatoa kalamu nilikate lile jina lake. Akanizuia: "Usilifute. Wenyewe wanalo kama hili. Andika pembeni ulikosea, uandike na jina lako." Nikaandika, nikaweka saini na tarehe. Mama wa meza ya kwanza akasema jina lake liandikwe pia, maneno ni yake na hayakatai.

Jumatatu nilimwomba mhariri tuweke masahihisho gazetini, na mstari mmoja chini ya ile habari kwenye tovuti, useme kwamba mwanzo tuliandika jina jingine na halikuwa sahihi. Alilalamika kwamba tunajianika wenyewe. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akaweka vyote.

Mkipita huko mtauona. Ni mstari mdogo na unaniaibisha, ila nimeomba usiondolewe.

Haya wadau, tuendelee kukumbushana. Na mkiona nimekosea jina la mtu, msinionee haya.