Meza, Kisha Usali



Sisi mafrateri wa falsafa tunapowatembelea wagonjwa parokiani, huwakuta waamini wanaotumia dawa za sonona kwa miezi mingi, wengine kwa miaka. Hata miongoni mwetu wamo.

Wanaporuka dozi, sababu ni za kawaida. Mmoja amekwenda msibani, dawa zimebaki nyumbani. Mwingine amefunga Kwaresima. Mwingine huficha vidonge chini ya godoro, maana vikionekana ataambiwa hana imani. Na wengi wamepata nafuu, wakadhani wamepona kabisa.

Mama mmoja alituuliza, "Frateri, nikiacha dawa nikazidisha sala, si ndiyo imani yenyewe?" Tulimjibu, "Mama, meza, kisha usali."

Dawa hizi si kama za kichwa. Huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, na baada ya nafuu madaktari humtaka mgonjwa aendelee angalau miezi 6, ili ugonjwa usirudi. Fluoksetini hukaa mwilini siku nyingi, hivyo dozi moja ikirukwa huenda mtu asihisi kitu. Paroksetini na venlafaksini hutoka haraka. Ukikosa siku moja au mbili waweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za kutisha, hata mishtuko kichwani kama ya umeme. Asiyelijua hilo huweza kudhani amerogwa.

Aliyesahau asimeze dozi mbili kwa pamoja ili kufidia. Kwa kawaida humeza anapokumbuka. Ila saa ya dozi inayofuata ikiwa imekaribia, huiacha ile iliyopita. Anayetaka kuacha kabisa amwone daktari, apunguziwe kidogo kidogo.

Je, Kanisa linasemaje? Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa inatutaka tusile wala kunywa kitu kwa saa moja kabla ya Komunyo, isipokuwa maji na dawa. Basi kidonge cha asubuhi hakimzuii mtu kukomunika. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, alipoandika juu ya tiba za huzuni, aliweka pamoja machozi, huruma ya marafiki, kutafakari ukweli, na hata usingizi na kuoga. Hakuona aibu kuutunza mwili ili roho itulie.

Darasani tunajifunza kwa Aristotle kwamba fadhila hujengwa kwa kurudia tendo. Lakini mgonjwa wa sonona, ambaye siku nyingine hata kuamka ni kazi, hawezi kuachiwa tendo hilo peke yake. Tunamuuliza mwenye presha au kisukari, "Umemeza dawa leo?" bila kuona haya. Tuwaulize na hawa vivyo hivyo, kwa upole, katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ili asiwepo wa kuficha vidonge chini ya godoro.